Damu ya Kiti cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi kwa Mama Mdogo. Mama alisema hataki kuniona nimelala nahesabu mbao za dari mpaka matokeo ya mtihani yatoke, na Mama Mdogo akasema anatafuta mtu mwenye mikono safi asiye na maneno mengi. Ninavyo vyote viwili. Miaka yote ya shule nilinyoosha mkono mara nne, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa naomba kwenda msalani.

Kliniki iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo vya madirisha. Kuna viti vinne vya kuegemea, vimepangwa mstari mmoja, na kila kimoja kimechorwa namba mgongoni kwa rangi nyeupe. Nyuma kuna chumba kidogo chenye sinki, jokofu na mashine. Nimepewa koti jeupe. Mikono inanifika kwenye kucha.

Jumatano, 5 Machi

Daktari anakuja Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo leo ndiyo nimeona kazi yenyewe.

Mtu anatolewa damu mkononi, mrija mmoja. Nauweka kwenye mashine, nafunga kifuniko, inazunguka dakika kumi kwa sauti kama ya nyuki waliokasirika. Ukiutoa, damu imejigawa: nyekundu nzito imeshuka chini, maji ya njano yamebaki juu. Yale maji ndiyo dawa. Yana zile chembe za damu zinazofunga kidonda, na Daktari anasema ngozi ikichomwa nayo inadanganyika kwamba kuna jeraha, inaanza kujijenga. Anayavuta kwa sindano na kumrudishia mtu yule yule, kichwani kama nywele zinamtoka, usoni kama ngozi imechoka. Hakuna dawa ya kiwandani. Unatibiwa kwa damu yako mwenyewe. Nimelipenda jambo hili sana, sijui kwa nini.

Mrija wa kila mtu nauandika namba ya kiti chake. Siandiki jina. Mama Mdogo anajivunia utaratibu huo kuliko hata mashine. Anasema mtu anayetokwa na nywele ana aibu ya kumtosha, asiongezewe na ya jina lake kusomwa na kila anayepita na daftari. Wateja wanaingia bila jina na wanatoka bila jina, na ndiyo maana wanarudi.

Mama Mdogo mwenyewe amejichoma uso mara sita. Ana miaka arobaini na sita. Uso unasema thelathini, shingo bado haijapewa taarifa.

Jumatano, 12 Machi

Mama Mdogo ameanza kuniita Redio, kwa sababu sisemi. "Redio, leta pamba." "Redio, punguza kelele." Wateja wanacheka na mimi nacheka kidogo.

Daktari amenifundisha kusoma mirija. Maji yakiwa njano ya limau, mtu alikuja na njaa au alikula kidogo. Yakiwa meupe meupe kama maji ya kuoshea mchele, mtu alikula mafuta mengi kabla ya kuja. Aliniambia kwa utaratibu, hakunicheka nilipouliza mara mbili. Nadhani ni mtu mwema.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua zimeanza.

Jumatano, 19 Machi

Amekuja mwanamke mmoja kuulizia tu. Ni mwalimu. Nimejua kwa sababu alikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi na alisahihisha akisubiri, kalamu nyekundu mkononi, bila kuinua macho. Kila daftari lina muhuri wa shule juu ya jalada. Ni duara la bluu, kama la zile shule za upande wa pili wa reli.

Alipoingia kwa Daktari alivua nywele za bandia akaziweka mapajani kama mtu aliyevua kofia mbele ya mkubwa. Mbele ya kichwa, kutoka sikio hadi sikio, hakuna kitu. Alisema ni miaka ishirini ya kusukwa kwa kubanwa, na wanafunzi wake wanamwita Uwanja. Alilisema hilo bila kubadilisha sauti. Kisha akamhoji Daktari kama anamfanyia mtihani wa mdomo: inauma, inashindwa kwa wangapi, mara ngapi. Daktari alimwambia ukweli kwamba haioteshi palipokufa kabisa, inaamsha palipolala, na asitegemee kabla ya mara tatu. Mwalimu akasema sawa, wiki ijayo.

Jumamosi, 22 Machi

Dari inavuja juu ya kiti cha pili. Mama Mdogo ameweka ndoo. Fundi amesema atakuja mvua ikikata, na mvua haikati.

Jumatano, 26 Machi

Naandika yote kama yalivyokuwa. Sitapunguza.

Asubuhi ndoo iliondolewa kwa sababu usiku haikunyesha na dari ilikuwa kavu. Daktari alichelewa. Saa nne na kitu Mwalimu alikaa kiti cha pili, na kiti cha tatu alikaa mwanamume mmoja mwenye koti refu la mvua, mcheshi. Nitamwita Bwana Koti. Aliingia akijipangusa mafuta mdomoni, akasema amekula vya kukaanga njiani kwa sababu anaogopa sindano na anataka afe ameshiba. Hata Mwalimu alitabasamu.

Daktari akawatoa damu wote wawili. Nikaandika mbili, nikaandika tatu, nikaenda nyuma kuweka kwenye mashine. Mvua ikashuka wakati huo huo. Mashine ikilia, na bati likilia, sikusikia kinachoendelea mbele.

Mirija ilipotoka, wa pili ulikuwa njano ya limau. Wa tatu ulikuwa maji ya mchele. Nikajisemea moyoni, Bwana Koti na vya kukaanga vyake. Nikaipeleka. Daktari akavuta maji ya mrija mmoja, akavuta ya mwingine kwa sindano nyingine, akasema, "Tuanze na kiti cha tatu." Mimi nilikuwa nimeinama natafuta pamba. Nilipoinuka, sindano yenye maji meupe ilikuwa juu ya kichwa cha Mwalimu.

Alikuwa amekaa kiti cha tatu. Kwenye kiti cha pili lilikuwa limetandazwa lile koti refu, matone yanaligonga, na Bwana Koti amekaa chini yake anacheka na mvua.

Nilielewa mara moja. Dari ilipoanza kuvuja, yeye ana koti na Mwalimu hana, wakabadilishana viti. Ni jambo la adabu ambalo mtu yeyote mwenye malezi angelifanya.

Nilielewa kabla ya sindano ya kwanza kuingia. Nimekaa hapa tangu saa kumi najaribu kuandika kwamba nilielewa baadaye, na siwezi. Nilifungua mdomo. Daktari akasema, "Pamba." Nikampa pamba. Kichwa kinachomwa sindano ndogo ndogo ishirini au thelathini, mbele, kando, mbele tena. Kila moja ilipoingia nilisema ndani ya kichwa changu, sasa. Mwalimu alikuwa amefumba macho na kushika mkono wa kiti. Kisha Daktari akageuka kwa Bwana Koti na ile ya njano, na hapo pia sikusema.

Wakati wa kuondoka, Bwana Koti alimwambia Mama Mdogo, "Dada, kiti chenu cha pili kinanyesha. Nimemwachia mwalimu cha kwangu." Mama Mdogo akacheka, akamshukuru. Nilimwona kicheko kinamkatika katikati. Akanitazama mimi, si Daktari.

Wateja walipokwisha nilimfuata nyuma. Nilisema: wamechanganyika. Akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka viganja usoni, ule uso wake laini. Kisha akaniuliza nimemwambia nani. Nikasema sijamwambia mtu.

"Basi iishie hapa," akasema.

Alhamisi, 27 Machi

Si siku ya Daktari lakini amekuja. Walifunga mlango wa nyuma, wakaniita ndani na mimi.

Daktari alisema ni maji kidogo sana. Alisema wale ni watu wazima wenye afya, unawaona kwa macho. Alisema kumwambia mtu jambo la kumtia hofu bila sababu nako ni kumuumiza. Yote aliyasema kwa ule utaratibu wake wa kunifundisha mirija.

Nikamuuliza kuhusu saa sabini na mbili. Shuleni kwetu lilibandikwa tangazo karibu na ofisi ya matroni: ukiguswa na damu ya mtu mwingine, nenda hospitali, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa sabini na mbili. Nimelipita tangazo hilo miaka minne nikienda bwenini. Daktari akasema uwezekano ni mdogo mno.

Nikasema mdogo si sifuri. Sauti ilitoka kama ya mtoto mwenye mafua, lakini ilitoka.

Mama Mdogo hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Aliniambia alivyoacha wodi baada ya miaka kumi na saba ya zamu, alivyotumia jina la mtu mwingine kama mdhamini ili apewe chumba hiki, watu wangapi wanakula kutokana na viti hivi vinne. Mama yangu akiwemo, sikujua. Akasema mwalimu yule akijua, na shule itajua, na mji utajua, na hakuna mteja atakayepanda ngazi zile tena. Mwishoni akaongeza, kwa upole, kwamba wa kwanza kuulizwa nitakuwa mimi, kwa sababu mirija niliibeba mimi.

"Hatukusema uongo, mwanangu. Uliyoona ni rangi ya maji tu. Nani atathibitisha rangi?"

Lakini alimsikia Bwana Koti kwa masikio yake. Nilikuwepo.

Nimepiga hesabu. Sindano ya kwanza ilikuwa kama saa tano kasoro dakika ishirini. Mwisho ni Jumamosi, saa hiyo hiyo. Namba ya simu ya Mwalimu iko kwenye simu ya Mama Mdogo peke yake, na jina lake halipo popote duniani.

Ijumaa, 28 Machi

Nilimwambia Mama naenda kazini. Nilikwenda kituoni, nikavuka reli.

Muhuri ulikuwa wa bluu, duara, na katikati kuna taa. Nilikuwa nimeona taa tu, jina sikulisoma. Shule ya kwanza ilikuwa na kitabu kwenye nembo. Ya pili ilikuwa na ndege. Ya tatu ilikuwa na taa. Mlinzi wa getini akaniuliza namtafuta nani. Sikuwa na jina. Nikasema mwalimu mwanamke, mrefu, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Akasema walimu wote wanasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mvua ilikuwa inaniingia kwenye kola. Nikaona hakuna njia nyingine, nikasema wanafunzi wanamwita Uwanja. Akanitazama kwa hasira ya kweli, kisha akacheka, kisha akanifungulia.

Nilimkuta kwenye chumba cha walimu, peke yake, nywele za bandia kichwani, zimekaa vizuri. Alinitambua kwa koti jeupe lililokuwa linatokeza kwenye mfuko wangu. Nilimwamkia, nikamnyooshea karatasi. Niliiandika usiku, pande zote mbili.

Hakuipokea. "Kutwa nzima nasoma karatasi. Sema."

Nikasema. Sijui nilianzia wapi. Nilisema koti, dari, mbili, tatu, maji ya mchele. Nilisema hospitali, leo, kesho saa tano utakuwa umechelewa. Yeye alikuwa ameinua mkono mmoja na kugusa paji la uso, pale nywele za bandia zinapoanzia, na mkono ukabaki hapo.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya sindano ya kwanza."

"Zilikuwa ngapi?"

Nikasema ishirini na zaidi. Nje wanafunzi walikuwa wanakariri kitu kwa pamoja. Akafunga kalamu, akachukua mkoba, akamwandikia mwalimu mkuu mstari mmoja. Mlangoni akaniambia, bila kunitazama, "Twende. Utawaeleza mwenyewe, ili wasifikiri nimechanganyikiwa."

Hospitali nilieleza mara tatu, kwa watu watatu. Muuguzi aliuliza jina la mwenye damu. Hakuna. Namba? Hakuna. Mnaandika nini sasa? Nikasema tunaandika viti. Aliweka kalamu chini, akanitazama kama anasubiri nimwambie natania.

Walimpima Mwalimu hapo hapo, hana kitu, lakini kipimo hicho kinaonyesha hali yake ya kabla, si ya Jumatano. Akapewa vidonge vya siku ishirini na nane. Kidonge cha kwanza alikimeza saa nane na robo mchana. Niliangalia saa ya ukutani.

Kisha akaniambia niende nyumbani, hataki kuniona.

Jumamosi, 29 Machi

Mwalimu alikwenda kliniki mwenyewe asubuhi. Nimejua kwa ujumbe wa Mama Mdogo, maneno manne: Usije tena. Tuma ufunguo.

Jumatatu, 31 Machi

Mama haongei na mimi. Anaweka sahani mezani kwa kuigonga kidogo.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Mama ameongea. Alisema nimemvua nguo dada yake njiani. Alisema ningekuja kwake kwanza, akina mama wangekaa, wangelimaliza. Nikamuuliza wangelimaliza kwa saa ngapi. Akasema tangu lini nimekuwa mtu wa kujibu. Nikasema tangu Ijumaa.

Sikuwa najaribu kuwa na jeuri. Ndiyo tarehe yenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilikwenda kusimama nje ya geti la shule yenye taa saa za kutoka. Mwalimu alipita, akaniona, akaendelea. Amekonda. Mlinzi ananisalimia sasa.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda tena. Leo alisimama. Alisema vidonge vinamtapisha, anafundisha akiwa ameshika ukingo wa meza, na wanafunzi wameanza kusema ana mimba. "Kwa umri wangu," akasema. "Angalau wananipunguzia miaka." Nilitaka kucheka nikaogopa.

Aliniambia kuhusu Bwana Koti. Mama Mdogo, alipobanwa, alitoa namba yake. Mwalimu alimpigia, akamwomba akapime tu, ili kama ni salama yeye aache vidonge. Yule mcheshi alisema yeye si mgonjwa, asiharibiwe jina, akakata simu, na sasa namba haipokelewi. Hata hivyo Mwalimu alimwandikia ujumbe kwamba kipimo chake yeye ni safi, asiwe na wasiwasi na damu aliyochomwa. Nikamuuliza kwa nini alimwandikia wakati mwenzake amemkatia simu. Akanijibu kama mwanafunzi aliyeuliza swali la kijinga: kwa sababu alihitaji kujua.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo kidonge cha mwisho. Nimekumbuka mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Jumanne, 29 Aprili

Wakaguzi wa afya wamekwenda kliniki baada ya barua ya Mwalimu. Daktari amewaambia hakukuwa na mchanganyiko wowote. Mama Mdogo amesema hivyo hivyo. Hakuna daftari la kuonyesha vinginevyo, na hapo nimeona faida nyingine ya kutoandika majina.

Wameniita ofisini kwao. Mama Mdogo alinipigia jana jioni, mara ya kwanza tangu ule ujumbe. Hakunitisha. Alisema, sema tu hukuona vizuri, ulikuwa umeinama. Kwa muda mfupi nilikuwa kweli nimeinama, kwa hiyo haitakuwa dhambi kubwa. Alisema ananitaka tu niwe salama, na nadhani alimaanisha hivyo. Hilo ndilo gumu. Ni yeye aliyenifundisha kusuka, aliyenipeleka bweni siku ya kwanza mkono kwa mkono kwa sababu Mama alikuwa mgonjwa.

Nilieleza nilichoona, pamoja na kwamba nilinyamaza. Mkaguzi aliandika polepole. Aliniuliza kama najua kuwa najiandikia kosa mwenyewe. Nikasema najua, aandike.

Jumamosi, 3 Mei

Kliniki imefungwa wiki mbili. Dari itengenezwe na majina yaandikwe.

Ijumaa, 9 Mei

Kipimo cha wiki sita: safi. Muuguzi amesema bado kimoja, mwisho wa Juni, ndipo waseme kwa uhakika. Mwalimu aliniambia getini kwa maneno mawili, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 11 Mei

Kikao sebuleni kwetu. Mama Mdogo, Mama, na shangazi wawili walioletwa kuongeza uzito. Chai ilimiminwa na hakuna aliyeinywa.

Shangazi mkubwa alifungua. Alisema familia haijengwi kwa kuripotiana. Alisema mimi ni mtoto mzuri, mpole, na wote wanajua hii haikuwa akili yangu, nimejazwa maneno na mwalimu. Kwa hiyo nimwombe Mama Mdogo radhi, kliniki inafunguliwa wiki hii, nirudi kazini, yaishe. Kila mtu akanigeukia kwa ile sura ya upendo ambayo watu huwa nayo wakishakuamulia.

Mwezi wa tatu ningesema samahani kabla hajamaliza sentensi. Ningesema samahani hata kwa chai kupoa.

Nikamwambia Mama Mdogo kwamba nina radhi ya kuomba, na nimeshaiomba kwa Mwalimu mwenyewe, kwa sindano ishirini na zaidi nilizosimama nikazitazama. "Hiyo ya kunyamaza ni yangu. Ya kusema siiombei radhi. Hata mkikaa hapa mpaka kesho."

Shangazi mdogo akasema, ala, Redio imewaka. Hakuna aliyecheka. Mama Mdogo alikuwa anatazama kikombe chake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna kilichotokea, mwalimu mzima, yule mwenye koti mzima, rangi tu ile. Aliirudia. Rangi tu.

Nilikuwa nangoja Mama anifukuze sebuleni. Mama aliinuka, akakusanya vikombe vilivyojaa, akasema, "Mwacheni mtoto."

Jumatano, 21 Mei

Napanga vitabu kwenye maktaba ya shule ya Mwalimu, mpaka matokeo yatoke. Yeye ndiye aliyewaomba. Nikikosea kupanga ananiambia mbele za watu.

Jumatatu, 2 Juni

Jua nusu siku.

Jumamosi, 14 Juni

Matokeo yametoka. Nimepita. Mama Mdogo amenitumia pongezi kwa simu ya Mama.

Ijumaa, 27 Juni

Mwalimu aliniomba niende naye. Hakusema kwa nini.

Tulikaa kwenye benchi ya ukumbini saa moja na nusu. Hakuleta madaftari. Alivaa kilemba leo, si nywele za bandia, na kwa muda mrefu alikuwa anapitisha kidole chini ya ukingo wake, mbele, kando, mbele tena. Niliujua mpangilio ule.

Alipotoka kwa muuguzi alisimama mbele yangu, akanipa karatasi, akasema nisome. Nikaanza kusoma kimya. "Kwa sauti," akasema. Nikasoma kwa sauti, na watu wa benchi wakageuka. Virusi vya Ukimwi, hakuna. Homa ya ini, hakuna. Nikasoma hadi tarehe na sahihi. Akakaa. Alilia dakika kama tatu, akafuta uso kwa ncha ya kilemba, akamaliza.

Njiani aliniambia hajanisamehe zile sindano, na asije akanidanganya. Aliniambia pia kwamba kuna asubuhi alizonishukuru. Vyote viwili vinakaa ndani yake na havigombani. Kisha akasema hataki fidia wala barua. Anataka mtu mzima mmoja kati ya wale wawili, Daktari au Mama Mdogo, amwambie kwa mdomo wake kwamba ilitokea. Kwa miezi mitatu ameishi na jambo ambalo kila aliyehusika anasema halikuwepo, isipokuwa msichana mmoja.

Nikasema nitamfikishia Mama Mdogo.

Jumamosi, 28 Juni

Nilipanda zile ngazi saa nne. Viti vyote vinne vilikuwa na watu. Dari ni mpya. Daktari alikuwa amevaa glavu, sindano imejaa, na kwenye kibao cha mirija nikaona namba: moja, mbili, tatu, nne. Majina hakuna. Wiki sita tu tangu wafunguliwe.

Mama Mdogo alitoka nyuma akinikunjulia uso, akauliza, "Umekuja kuomba radhi?"

Nikamwambia nimeleta majibu ya Mwalimu. Ni mzima. Bega lake lilishuka, na nikajua kwamba naye alikuwa akihesabu miezi, kila siku, peke yake. Nilimhurumia sana pale. Nikamwambia na lile lingine, kwamba Mwalimu anamngoja aende amwambie kuwa ilitokea.

"Tuongee nje," akasema, akinishika kiwiko.

"Hapa hapa, Mama Mdogo."

Akasema akiuma meno kwamba nina wazimu, kuna watu. Nikasema ndiyo, hao ndio nataka kusema nao. Nikawageukia. Sauti yangu haikuwa kubwa, lakini mvua zimekwisha, bati halilii tena, na kila mtu alinisikia. Niliwaambia kwamba mwezi wa tatu, kwenye viti hivi, watu wawili walibadilishana nafasi na kila mmoja akachomwa damu ya mwenzake, nami nilikuwepo nikaona. Nikawaambia dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Nikawaambia waulize kabla ya kuchomwa, kila mara, hata kama wanaona aibu.

Daktari akasema, kwa utaratibu, kwamba binti huyu alifukuzwa kazi na ana kinyongo. Akainamia kiti cha kwanza kuendelea. Pale alikaa mama mtu mzima aliyekuja kwa ajili ya uso, ameshapakwa ganzi, midomo mizito. Alitoa mkono chini ya shuka, akamshika Daktari kifundo cha mkono.

"Subiri kwanza. Hiyo ni yangu?"

Daktari akatazama mrija. "Ni ya kiti cha kwanza, mama."

"Sijakuuliza habari za kiti," akasema.